Kampuni Haina Shingo: Nani Ashikwe?



Hapa kwetu Nyanza-Lac, muuzaji akichanganya mawese na maji, soko zima linamjua ni nani. Lakini kampuni ikidanganya maelfu ya watu, nani hushikwa? Mara nyingi kampuni hutozwa faini, faini inatoka kwenye mfuko wa wenye hisa, na mkurugenzi aliyeagiza analala kwake.

Wanasheria huiita kampuni "mtu wa kisheria": inamiliki, inadai, inadaiwa. Katika fiqhi lakini, taklifu humwangukia mtu mwenye akili aliyebaleghe. Kampuni haibaleghe. Surat al-Mutaffifin inawaonya watu wanaopunja, haiionyi mizani yao. Na mwanamke wa Banu Makhzum alipoiba, Usama bin Zayd akamwombea kwa sababu ya heshima ya ukoo wake, Mtume (s.a.w.) alikataa.

Si kila hasara ni jinai. Mafakihi wanasema mwenye amana hadhamini kilichopotea ila akivuka mipaka au akizembea. Biashara ikianguka kwa bei ya soko, tumwache. Akiandika hesabu za uongo, hapo amevuka.

Tazameni Imperial Bank ya Kenya. Mkurugenzi wake mkuu, Abdulmalek Janmohamed, alifariki Septemba 2015. Baada ya kifo hicho ndipo bodi ilipoipelekea Benki Kuu habari za udanganyifu mkubwa ndani ya benki, na tarehe 13 Oktoba ikafungwa. Muda mfupi kabla, ilikuwa imewauzia watu hatifungani za shilingi bilioni 2! Wenye akiba wakabaki mlangoni, na marehemu hashtakiwi.

Marekani nayo iliyaona. Kenneth Lay wa Enron alikutwa na hatia Mei 2006, akafa Julai kabla ya kupewa adhabu, na mahakama ikaifuta hatia yake. Mwenzake Jeffrey Skilling alipewa miaka 24, baadaye ikapunguzwa kuwa 14. Kwetu Waislamu kifo hakifuti deni: hulipwa kutoka katika mali ya marehemu kabla warithi hawajagawana.

Kinga kubwa ya wakurugenzi ni neno moja: "Sikujua." Baada ya Enron, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 iliwalazimisha mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha kuthibitisha hesabu kwa saini zao wenyewe. Anayethibitisha uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Burundi tuna sheria ya kupambana na rushwa ya Aprili 2006; mimi ningependa benki zetu na ushirika wa mawese, kuanzia Rumonge hadi huku, waongeze hilo la saini. Ni karatasi moja tu, lakini ina jina la mtu.

Nanyi mnaosoma uhasibu, mtaombwa saini hizo mapema kuliko mnavyodhani. Ukiletewa hesabu ambazo vocha zake hukuziona, ziombe kwa maandishi kabla ya kusaini, na ubaki na nakala.