Kabla Kipande Hakijawa Kuni

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kila jioni ukipita karakana za Keko unaona vipande vya mninga na mpingo vikifagiliwa pamoja na maranda, na roho inakuuma. Unatamani kutengeneza hereni, ila huna mashine. Sogea hapa tuongee.

Mashine iache kwanza, anza na salamu. Mfuate fundi wakati kazi imepoa, umwombe. Akikupa kifuko cha vipande, usisahau kumrudishia hereni ya kwanza aione. Yeye ndiye atakayekuonyesha kipi kimekauka, maana mbao mbichi ukiichonga leo, wiki ijayo imepinda au imepasuka.

Kwenye mpingo, tafuta kipande chenye kiini cheusi na ukingo wa nje uliopauka. Hapo hereni moja inabeba rangi mbili bila tone la rangi ya dukani. Lakini mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama, kwa hiyo ukate mwembamba, milimita 3 hivi, masikio ya watu yasiumie. Mninga ni mwepesi zaidi, huo ufanyie hereni kubwa kubwa.

Sasa shika hili: toboa kwanza, kata umbo baadaye. Mimi niliwahi kuchonga jani la mpingo jioni nzima, kisha nikalitoboa. Likapasuka kufuata nyuzi zake, vipande viwili mkononi, na nililia. Kipande kikiwa bado kikubwa unakibana vizuri. Weka ubao mwingine chini yake, tumia keekee nyembamba, usikandamize, na tundu lisikaribie ukingo.

Kazi yenyewe hasa ni msasa. Jina hilo ni la mti, ambao majani yake yanakwaruza na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Wewe nunua karatasi za namba 120, 240 na 400, upige kwa kufuata nyuzi. Ukimaliza 240, pitisha kitambaa chenye unyevu, uache mbao ikauke. Utaona vinyweleo vimesimama, na hivyo ndivyo namba 400 inavyokuja kuviondoa. Mpingo ukifika hapo unaanza kung'aa wenyewe. Paka nta ya nyuki kidogo, sugua kwa kitambaa kikavu, basi. Vanishi ya nini?

Na tafadhali, vaa barakoa, ukae nje. Vumbi la mbao hizi linawasha ngozi na kubana kifua. Usifanyie chumbani anakolala mtoto.

Kuhusu bei, usinifanyie makosa. Kipande umepewa, lakini saa mbili za msasa hukupewa na mtu. Andika ndoano za hereni, gundi, nauli na muda wako, ndipo utaje bei. Atakayekuambia "si kijiti tu hiki?" mwambie mti wa mpingo hukua miongo mingi kabla ya kufaa kuchongwa. Mteja wa nje akiagiza, pitia kwanza ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu uulize utaratibu, kwa sababu tangu 2017 biashara ya mpingo kuvuka mipaka iko chini ya mkataba wa CITES.

Jumamosi hii chukua kipande kimoja tu. Ukifika namba 400, niandikie uniambie umeona rangi gani.