KUPOTEA NJIA NDIKO KUJUA NJIA: SOMO LA ROBOTI INAYOJIENDESHA

Katika toleo la mwaka huu sikuleta shairi wala kitendawili. Nimeleta somo la roboti, tena kwa Kiswahili, kwa sababu wako wanaosema ati lugha yetu ni ya ngano na methali tu, mambo ya ufundi haiyawezi. Hebu nifuate polepole, nami sitakuficha hata pale nilipoaibika.

Kwanza tuelewane. Gari la kuchezea linaloongozwa kwa rimoti si roboti inayojiendesha, maana mwenye akili pale ni mtoto aliyeshika rimoti. Mkono wa chuma wa kiwandani nao umefungwa mahali pamoja. Roboti ninayoizungumzia huhama yenyewe kutoka mahali hadi mahali, na kila wakati lazima ijibu maswali manne: Kuna nini karibu nami? Niko wapi? Nipite wapi? Magurudumu yafanye nini sasa?

1. Kuna nini karibu nami?
Vifaa vinavyoipa roboti habari huitwa vihisi. Kamera ni kihisi. Kuna kingine kinachofanya kama popo: hutoa sauti tusiyoweza kuisikia, kisha hungoja mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.01, sauti imesafiri mita 3.4. Lakini hiyo ni safari ya kwenda na kurudi, kwa hivyo ukuta uko umbali wa mita 1.7. Usisahau kugawanya kwa mbili!

2. Niko wapi?
Hapa ndipo penye kazi. Sisi wa shule ya kutwa twajua kutembea gizani stima zikipotea. Unahesabu hatua kutoka dukani, ukisikia kinu cha kusaga unga unajua umekaribia kona. Hatua zinakudanganya kidogo, kinu kinakurudisha kwenye ukweli. Roboti nayo huhitaji yote mawili.

Kuhesabu hatua kwa roboti ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 7 lina mzingo wa 22/7 × 7, yaani sentimita 22. Likizunguka mara 20, roboti imekwenda sentimita 440. Rahisi, sivyo?

Mimi na mwenzangu tulidhani hivyo. Tuliunda roboti yetu kwa mota mbili za vitu vya kuchezea vilivyoharibika, magurudumu ya vifuniko yaliyovishwa mpira wa tyubu, na kibao kidogo cha kompyuta tulichoazimwa na mwalimu wa Fizikia. Kutoka mlango wa maabara hadi mezani ni sentimita 440. Tukaiamuru izunguke mara 20 isimame. Tuliijaribu mara nyingi, haikukosea.

Siku ya wazazi ikafika. Roboti ikaanza vizuri, halafu ikapinda kushoto, ikaingia chini ya benchi la wazazi na kusimama hapo kwa madaha, kana kwamba imefika mezani. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi kwa hasira nikamgeukia mwenzangu mbele ya wote, nikamwambia amegundisha gurudumu la kushoto ovyo. Hakunijibu neno. Wiki mbili hatukusemezana.

Baadaye nikaichukua roboti ile peke yangu. Gurudumu lilikuwa imara kabisa. Nikaiendesha kwenye sakafu kavu, ikanyooka. Nikamwaga maji kidogo upande wa kushoto, ikapinda. Ndipo nikakumbuka: asubuhi ile maabara ilikuwa imepigwa deki, na upande wa kushoto haukuwa umekauka. Gurudumu liliteleza. Lilizunguka, likahesabiwa, lakini halikusogea. Kumbe kosa lilikuwa letu sote: tulijenga roboti inayoamini magurudumu yake tu, isiyo na namna ya kujua kwamba imepotea.

Wala si sisi tu. Opportunity, roboti ya shirika la anga la Marekani, NASA, ilitua kwenye sayari ya Mirihi Januari 2004. Huko huwezi kuiongoza kwa rimoti, kwani ujumbe kutoka duniani huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika. Aprili 2005 ilikwama katika tuta la mchanga. Magurudumu yakazunguka kama ya roboti iliyo safarini, kumbe iko palepale! Ilinasuka mwezi wa Juni. Dawa ya kuteleza ni kulinganisha picha za kabla na baada ya kusogea: mawe yasipobadilika mahali pichani, basi hujaenda popote. Opportunity ilisafiri zaidi ya kilomita 45 kabla ya kunyamaza mwaka 2018.

3. Nipite wapi?
Roboti ikijua iliko, huchagua njia. Kule California, kati ya 1966 na 1972, watafiti waliunda roboti iitwayo Shakey, jina lililotokana na kutikisika kwake ikitembea. Katika kazi hiyo ilizaliwa, mwaka 1968, hesabu iitwayo A*. Wazo lake ni hili: kwa kila mahali unapoweza kupita, jumlisha mwendo uliokwisha kwenda na makadirio ya uliobaki. Palipo na jumla ndogo ndipo pa kujaribu kwanza.

4. Magurudumu yafanye nini?
Gurudumu la kushoto likienda polepole kuliko la kulia, roboti hupinda kushoto. Kwa hivyo kuendesha ni kusahihisha bila kuchoka. Sasa roboti yetu ina kihisi cha popo kinachopima ukuta wa kulia. Tunataka umbali wa sentimita 50. Ikisoma 60, hujisogeza ukutani. Ikisoma 40, hujitenga. Maji yamwagike yasimwagike, inafika.

Nasema "roboti yetu" kwa sababu nilimwendea mwenzangu nikamweleza nilichokipata, naye ndiye aliyekifunga kihisi hicho. Lakini nilimkosea mbele ya watu, kwa hivyo namwomba radhi mbele ya watu, humu humu jaridani. Kuteleza si kuanguka.

Zoezi: Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 14. Limezunguka mara 50, lakini mizunguko 5 iliteleza papo hapo. Roboti inadhani imekwenda mita ngapi? Imekwenda ngapi hasa? Leteni majibu kwenye mkutano wa chama.

Kwaherini hadi mwakani, Mungu akipenda.