Bukoba Haitazamwi Kupitia Kioo cha Gari

Wadogo zangu, Novemba ikishafika katikati simu yangu haitulii. Binti kaolewa na kijana wa Kihaya, anapelekwa ukweni Krismasi kwa mara ya kwanza. Kijana wa Arusha ana harusi ya rafiki yake. Mwingine yuko Stockholm, analeta watoto wamwone bibi. Swali lao ni moja: Dada, nina siku mbili za kwangu hapo Bukoba, nitembee wapi?

Naishi Buhembe, ndani ya manispaa hii hii, na jibu langu halibadiliki. Siku zote mbili zimalizie mjini na vijiji vya jirani, na sehemu kubwa tembea kwa miguu. Najua shemeji zako watakutajia Burigi-Chato. Ni hifadhi ya taifa tangu 2019 na inastahili safari yake yenyewe, lakini kwenda na kurudi kutakula muda wako wote, na utaondoka hujaujua mji uliolala. Bukoba haina geti la kukatia tiketi. Vitu vyake vimekaa tu kando ya njia, na vingi havisemi kitu mpaka umsalimie mtu aliyekaa jirani navyo. Ukipita na gari vioo vimefungwa, utarudi ukisema kwetu hakuna kitu, nami nitakasirika.

Kwanza kuingia. Wanaotoka Mwanza kwa basi wamepumzika: Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilizinduliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko imebaki hadithi. Hata hivyo, kama ratiba inakuruhusu, njoo kwa meli. MV Victoria, iliyokarabatiwa na kurudi majini 2020, husafiri usiku, na alfajiri unatoka nje unaona miamba, kisiwa cha Musira, halafu mji wenyewe chini ya vilima. Hakuna barabara inayokupa picha hiyo. Lakini mama mkwe akisema yeye meli hapandi, usimcheke wala usimbembeleze. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikaondoka na mamia ya watu, na huku ni vigumu kupata ukoo ambao haukuguswa.

Siku ya kwanza amka mapema, ushuke ziwani kabla jua halijawa kali. Wavuvi wanarudi, dagaa wanaanikwa, na wewe huna la kufanya ila kutembea polepole ufukweni. Jumba dogo la makumbusho liko upande wa Nyamkazi. Ingia, halikuchukui muda mrefu. Kisha uliza Duka Kubwa, jengo la enzi za Mjerumani, mtu yeyote atakuonyesha. Usitegemee kasri. Ni jengo la biashara lililozeeka, na thamani yake utaipata ukijua kilichotokea hapo jirani.

Kituo cha Wajerumani hapa kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Walisimamisha mnara wa mawasiliano ya redio, na mnara huo ndio uliotuletea balaa. Juni 1915 Waingereza walipanda meli Kisumu, wakavuka ziwa, wakapigana kupanda vilima vyetu, wakauangusha mnara, mji ukaporwa, halafu wakapanda meli zao wakarudi walikotoka. Mmoja wa wapiganaji hao alikuwa Frederick Selous, yule mwindaji maarufu, akiwa na miaka 63. Mzee wa umri huo anakimbizana na risasi kwenye migomba ya watu! Ukisimama ufukweni ukatazama vilima, utaelewa vita ile bila kuonyeshwa ramani.

Kutoka hapo nenda Bunena, karibu na uwanja wa ndege. Ni misheni ya zamani ya Wakatoliki, mahali pa utulivu penye mandhari ya ziwa, na ndiko alikozaliwa Kardinali Protase Rugambwa, aliyevikwa kofia nyekundu 2023. Msimchanganye na Laurean Rugambwa, maana wageni huwachanganya kila siku. Laurean ndiye Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali, akateuliwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1960. Alizaliwa 1912 Kamachumu, ambayo leo iko wilaya ya Muleba, akawa askofu wa Rutabo, akaja Bukoba, kisha akaliongoza jimbo kuu la Dar es Salaam. Alifariki 1997, akalazwa kwanza Kashozi, na mwaka 2012 mabaki yake yakaletwa katika kanisa kuu hapa mjini. Kaburi liko ndani. Funika mabega, ongea kwa sauti ya chini, na kama kuna ibada subiri iishe. Wewe wa Ulaya, ukifika Roma tafuta kanisa la San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere. Ndilo alilopewa kama kardinali. Nawajua watu waliolipa nauli kwenda kuona makaburi ya mapapa na hili la nyumbani hawajaliona.

Walutheri msininunie, sijawasahau. Askofu Josiah Kibira, mtu wa huku huku, alichaguliwa 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mji mdogo hivi, na viongozi wa namna hiyo wawili katika kizazi kimoja.

Siku ya pili ndiyo ninayoipenda. Chukua bodaboda au mchomoko uelekee Maruku, uulizie Katuruka. Ukiwa peke yako chukua mwenyeji, kwa sababu bila msimulizi utaona migomba tu. Wazee wa pale walikuwa wakisimulia kwamba Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Hadithi ya jioni, utasema. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikianza, mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, hakuipuuza. Aliwasikiliza wazee, akachimba penye mti mkubwa ulioitwa Kaiija, mahali palipotajwa katika simulizi hizo, na chini yake akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Baadaye wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hiyo katika jarida la Science. Yaani mababu zetu walikuwa wakiyeyusha chuma kizuri kabla Paris haijawa mji. Leo watu wanapanga foleni kupiga picha na mnara wa chuma wa 1889 uliojengwa na Eiffel. Mimi sina ugomvi nao, wapige. Ila ukitoka hapa bila kufika Katuruka, usiniambie umetembea Bukoba.

Njiani utakaribishwa nyumbani kwa mtu, hilo halina shaka. Huku baba mtu mzima ni Ta na mama ni Ma, kisha jina lake, kwa hiyo usimwite mzee wa watu kwa jina tupu. Mabinti mtaona wanawake wakipiga magoti kusalimia. Mgeni halazimishwi, lakini ukiinama kidogo utasifiwa mpaka mwakani. Utaletewa akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa. Pokea kwa mikono miwili, tafuna taratibu. Hata kama hupendi uchungu wake, chukua mbili tatu, maana hiyo ndiyo karibu yenyewe. Chakula kitakuwa ndizi na maharage, pengine na samaki, na hapo hakuna cha lishe maalumu wala kupunguza uzito. Utaanza ukifika kwako. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukipewa, onja. Nimesema onja.

Novemba na Desemba pia ndiyo majira ya senene. Usiku utaona taa kali na mabati yamesimamishwa, hao ni watu wanaowatega. Sokoni wanauzwa wabichi na waliokaangwa. Nunua waliokaangwa, onja kabla ya kulipa, na muuzaji akikuuliza kama ni mgeni usikubali haraka. Kahawa ya kupeleka nyumbani usiitafute mbali: ile Africafé unayoikuta madukani Dar inatengenezwa hapa hapa na TANICA, kutokana na robusta yetu.

Mvua nimeiacha mpaka sasa ili nisiwaogopeshe. Huku tunapata milimita kama 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo mbaya kuliko miezi yote. Desemba pia hunyesha, mara nyingi asubuhi, ikitoka ziwani bila kubisha hodi. Viatu vyeupe viache kwenu. Beba koti jepesi, jioni kuna baridi ambayo mtu wa Dar haiamini. Na ziwani msiingie penye matete na maji yaliyotulia, kichocho kipo. Watoto wa Stockholm hasa, mama yao anisikie.

Musira? Wengi mnaiulizia kwa sababu mnaiona kila mkigeuka. Zamani za watawala wetu watu waliohukumiwa walipelekwa huko, siku hizi wavuvi wanaishi. Boti inafika upesi, juu ya mwamba unaona mji mzima. Kuna masharti yangu mawili tu: jaketi la kuokolea uvae, lisiwe limewekwa chini ya benchi, na ukishuka jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kabla hujaanza kupiga watu picha. Mwenye boti akikuambia majaketi yameisha, nawe sema hela imeisha.

Mnaotokea Kampala kupitia Mutukula mna bahati nyingine njiani. Simameni Kyaka, kwenye daraja la mto Kagera. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulivunja daraja, na gofu la kanisa lililobomolewa na vita hiyo bado limesimama mlimani. Ukiwa na mtu aliyeishi wakati ule, zima redio ya gari umwache aongee.

Kama siku yako ya pili imeangukia Jumapili, geuza mpango: kanisa kuu asubuhi, Katuruka mchana, na Musira uiweke Jumamosi asubuhi ziwa likiwa tulivu. Alasiri upepo huinuka, na boti ya saa kumi na moja jioni mimi simpandishi mtoto wangu.