Kawi Jadidifu: Istilahi na Mizani Yake Molo

Istilahi "kawi jadidifu" inatokana na kitenzi "jadidi", yaani kufanya upya. Maana hiyo ndiyo mizani. Jua, upepo na mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1981, hufaulu. Je, kuni? Mti hujadidika endapo tu ukataji hauzidi ukuaji. Huko Molo, kandokando ya msitu wa Mau unaoulisha Mto Molo hadi Ziwa Baringo, kasi ya shoka ndiyo huamua. Mfugaji anayegeuza samadi kuwa bayogesi huokoa fedha za kuni, hupata mbolea ya viazi kutokana na mabaki, na huuacha mti usimame. Hivyo basi, ujadidifu si sifa ya kitu pekee, bali pia ya mwenendo wa mtumiaji.