Mnara wa Simu, Mfuko wa Suruali na Masikio Yako

Safari hii tunatoka kidogo kwenye mada tulizozoea. Mnaotufahamu mnajua kwamba tukitembelea shule huwa tunaacha sanduku la maswali. Mwanafunzi anaandika anachotaka bila kutaja jina, nasi tunajibu mbele ya darasa zima. Tulipofungua sanduku katika shule moja hapa Kikatiti nilitegemea maswali ya hedhi, chunusi na uchumba. Yalikuwepo, tena mengi. Lakini karatasi kadhaa ziliuliza habari za simu na minara, na moja niliikunja nikaiweka ndani ya daftari langu. Ilisema hivi:

"Dada, mimi niko kidato cha pili. Tangu wajenge mnara karibu na kwetu kichwa kinaniuma kila siku. Baba anasema ni mionzi. Anataka kunihamishia kwa shangazi kijijini ambako shule iko mbali sana. Je, nitapata kansa?"

Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa kusema "usiogope" halafu ukaondoka. Kwa hiyo chukua kalamu, tuanze somo.

KINACHOSAFIRI HEWANI NI NINI?

Unapoongea kwenye simu, sauti yako inageuzwa kuwa wimbi la redio. Ni ndugu wa wimbi lile lile linaloleta taarifa ya habari kwenye redio ya babu. Stesheni za FM hutumia masafa ya megahezi 88 hadi 108, yaani wimbi linatetemeka mara milioni 88 hadi milioni 108 kwa sekunde moja. Simu ziko juu ya hapo, kwa mfano megahezi 900, 1,800 na 2,100. Bluetooth na Wi-Fi nyingi ziko kwenye gigahezi 2.4, yaani megahezi 2,400.

Wimbi hilo haliendi mbali kama watu wanavyodhani. Linatoka kwenye simu yako hadi mnara ulio karibu, na kutoka hapo safari ndefu mara nyingi inafanywa na nyaya. Intaneti yetu nyingi inafika nchini kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu baharini, watu wa hapa walikaa wakigombana na simu zao huku minara yote imesimama wima. Kwa hiyo "bila waya" ni kipande kifupi tu cha njia, lakini ndicho kipande kinachopita mwilini mwako, na ndicho tunachokijadili.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo moyo wa somo. Mwanga unaokuwezesha kusoma ukurasa huu nao ni wimbi la ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba mwanga wa kijani unatetemeka kwa kasi inayozidi ile ya Wi-Fi zaidi ya mara laki mbili. Na kadiri wimbi linavyotetemeka kwa kasi, ndivyo kila chembe yake inavyobeba nguvu zaidi. Eksirei iko juu kabisa kuliko mwanga. Ina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu na kuharibu chembe hai, ndiyo maana mpiga picha wa hospitali anajificha nyuma ya ukuta. Wataalamu wanaiita mionzi ayonisha. Wimbi la simu liko chini kabisa ya ngazi na halina nguvu hiyo. Linachoweza kufanya mwilini, likiwa kali, ni kupasha joto.

Ukitaka kuona miale inayodhuru kweli, toka nje saa sita mchana. Miale ya jua isiyoonekana, ile inayoitwa urujuanimno, inaharibu ngozi, na ndugu zetu wenye ualbino wanapata kansa ya ngozi kwa sababu yake. Hapo jirani Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambako yalianza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, kwa ajili yao. Mimi nimewahi kuona mwanafunzi mwenye ualbino amesimamishwa paredi muda mrefu bila kofia, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika habari za mionzi!

UMBALI NA KIPIMO

Hata hivyo tusiache hapo. Mtu anaweza kuuliza: joto je, si linadhuru? Linaweza, likizidi. Ndiyo maana kuna viwango vya kimataifa ambavyo simu na minara havitakiwi kuvipita. Simu ya kawaida haitoi zaidi ya wati 2 hivi hata inapojitahidi sana, na mara nyingi inatoa chini ya hapo. Linganisha na taa ya balbu ya chumbani kwako.

Mnara unatoa zaidi, lakini uko mbali. Wimbi ni kama joto la moto wa kuni: ukisogea nyuma, linapungua haraka. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Ukiwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Hesabu hiyo hata mwalimu wako wa fizikia ataikubali.

Hapa pana jambo ambalo lilishangaza darasa zima. Simu ikiwa karibu na mnara inaongea kwa sauti ya chini, kwa namna ya kusema. Ukishuka bondeni nyuma ya migomba, mtandao ukabaki kijiti kimoja, simu inaanza "kupiga kelele" ili mnara uisikie. Inaongeza nguvu, inapata moto, na chaji inaisha upesi. Na simu hiyo umeibana sikioni, wakati mnara uko ng'ambo ya shamba. Kwa hiyo ukihamia mahali ambako mnara uko mbali sana, kichwa chako kinaweza kupata mawimbi mengi zaidi kutoka kwenye simu yako mwenyewe. Ukiwa na wasiwasi, weka spika na uishike simu mbali kidogo, au andika meseji.

Lakini sisi watu wa Meru si wajinga kuogopa kitu kisichoonekana. Floraidi haionekani kwenye ndoo ya maji, wala haina harufu, na bado imetia meno yetu rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Chini ya hapo hakuna shida, juu ya hapo taabu inaanza. Kwa hiyo swali la maana si "kipo au hakipo?" bali "ni kiasi gani, na nani amepima?" Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ambayo ina ofisi na maabara Njiro hapa Arusha, ndiyo inayohusika na usalama wa mionzi nchini, nayo hupima hata mionzi ya minara ya simu. Kijiji chenye wasiwasi kipeleke ombi huko, kwa barua ya serikali ya kijiji.

NA KANSA JE?

Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa kansa ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha kansa. Neno "huenda" lilizunguka dunia nzima. Watu wachache walisoma kwamba baadaye kwenye kundi hilo hilo iliingizwa dondoo ya jani zima la mshubiri, yaani aloe vera. Kundi hilo maana yake ushahidi hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Utafiti ukaendelea, na mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mkubwa ulioombwa na shirika hilo hilo. Haukukuta uhusiano kati ya matumizi ya simu na kansa ya ubongo, hata kwa waliozitumia miaka kumi na zaidi.

Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mbona corona ililetwa na 5G?" Nikamwomba ahesabu miaka. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, ni msafiri aliyetua uwanja wa Kilimanjaro, hapo tu mbele yetu kwenye barabara ya Moshi. Vodacom ilizindua 5G hapa nchini mwaka 2022. Ugonjwa umefika miaka miwili kabla ya mtuhumiwa! Darasa lilicheka, lakini huko Uingereza mwaka 2020 watu walichoma minara kwa ajili ya uvumi huo huo.

SIMU MFUKONI

Swali la wavulana lilikuwa moja, limeandikwa kwa miandiko tofauti: simu ikikaa kwenye mfuko wa suruali, nitapata mtoto kweli? Jibu la haki ni kwamba utafiti bado unaendelea. Huko Uswisi walipima vijana 2,886 wenye umri wa miaka 18 hadi 22. Waliosema wanatumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu pungufu kidogo kuliko wanaoitumia kwa nadra. Lakini mahali inapowekwa simu, mfukoni au kwingine, hapakuonyesha tofauti. Na mtu anayeshika simu kutwa nzima huenda pia halali vizuri na hafanyi mazoezi, kwa hiyo huwezi kusema moja kwa moja kwamba ni simu.

Kuna mjanja mmoja nyuma akasema basi simu mfukoni ni uzazi wa mpango wa bure. Jamani! Mbegu pungufu kidogo bado ni mamilioni. Simu haizuii mimba wala virusi vya UKIMWI, na anayebeba matokeo ya utani huo ni msichana.

HATARI AMBAYO HAMKUIULIZA

Hakuna karatasi hata moja iliyouliza habari za masikio, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliumia. Nilipokuwa chuo nilinunua spika za masikioni zisizo na waya, zile ndogo za bei rahisi. Kwenye daladala injini inanguruma, konda anapiga kelele, basi naongeza sauti mpaka mwisho. Nikirudi bweni nalala nazo. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kusikia "wiiii" ndani ya sikio la kulia, hasa usiku kukiwa kimya. Mpaka leo ipo. Daktari aliniambia vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena.

Bluetooth haina kosa hapo, wimbi lake ni dogo kabisa. Kosa ni sauti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa namna hii. Sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90 unabaki na saa 4. Ikifika 100, dakika 20 tu kwa wiki nzima! Kwa hiyo usipite asilimia 60 ya sauti ya simu yako, na kama jirani uliyekaa naye kwenye Hiace anasikia wimbo wako, punguza.

Najua shuleni simu haziruhusiwi, ila likizo mnazishika, tena usiku wa manane chini ya blanketi. Mwanga wa kioo unauambia ubongo bado ni mchana na usingizi unachelewa. Asubuhi kichwa kinauma, na mnara unasingiziwa.

YULE MSICHANA

Baada ya kipindi alikuja mwenyewe kunitafuta. Nilimuuliza maswali ya kawaida: unakunywa maji, umekula, unalala saa ngapi? Kisha nikamuuliza kichwa kinaanza kuuma lini. Akasema kikizidi ni saa za masomo, siku ya Jumapili hakiumi sana. Nyumbani ndiko kwenye mnara, jamani, na Jumapili anashinda nyumbani! Nikamwonyesha bango lililokuwa ng'ambo ya barabara ya lami, nikamwomba anisomee. Alikunja uso, akakaza macho, hakuweza. Darasani alikuwa anakaa dawati la mwisho.

Mwalimu wa afya alimpeleka kliniki ya macho na ikaonekana haoni mbali. Sasa amepata miwani na amehamishiwa dawati la mbele, na maumivu yamepungua sana. Baba yake bado hauamini ule mnara, na ana haki ya kuuliza. Tumemsaidia kuandika barua ya kuomba upimwe, mwenyekiti wa kijiji ameigonga muhuri. Habari ya kumpeleka binti kwa shangazi ameiacha kwanza.