Ghala la Joto: Maji, Udongo na Mawe katika Majengo ya Mara

Mkazi wa Musoma hahitaji kipimajoto ili atambue kwamba nchi kavu na maji havipoi kwa kasi moja. Mchana mchanga wa ufukoni huunguza nyayo, hali maji ya Ziwa Viktoria ni ya baridi. Usiku mambo hugeuka: mchanga hupoa upesi, nayo maji hubaki na uvuguvugu. Ndiyo maana mchana upepo huvuma kutoka ziwani, na usiku huvuma kuelekea ziwani. Ziwa ni ghala la joto. Je, nyumba nayo yaweza kuwa ghala?

Kipimo cha ghala

Kiasi cha joto kinachohifadhiwa na kitu hupatikana kwa kanuni hii:

Joto = tungamo × joto maalumu × badiliko la jotoridi

Joto maalumu ni joto linalohitajika kupandisha jotoridi la kilo moja ya kitu kwa digrii moja ya Sentigredi. Kwa maji ni kilojuli 4.2, kwa udongo mkavu na mawe ya matale ni kama 0.8 hadi 0.9, kwa chuma ni 0.45.

Sasa mwanafunzi alinganishe bati na ukuta. Mita moja ya mraba ya bati lenye unene wa milimita 0.3 ina tungamo la kilo 2.4 hivi, nayo huhifadhi kilojuli 1.1 kwa kila digrii. Mita moja ya mraba ya ukuta wa udongo wenye unene wa sentimita 30 ina kilo 500 hivi, nayo huhifadhi kilojuli 400 na zaidi. Kwa hiyo bati huwaka mara jua lichomozapo na kupoa mara litwapo, bali ukuta mnene huchelewa. Joto lililoupiga adhuhuri hufika upande wa ndani baada ya saa nyingi, mara nyingi usiku.

Ukuta mmoja, hali mbili

Ucheleweshaji huo si neema kila mahali. Butiama iko juu zaidi ya ufuko wa ziwa, na usiku wake una ubaridi. Huko joto litokalo ukutani usiku hupokewa kwa furaha. Lakini katika bweni la Musoma lililofungwa madirisha, ukuta uleule humnyima mwanafunzi usingizi. Dawa yake ni madirisha yanayokabiliana, ili upepo wa usiku upitie chumbani na kuondoa joto. Aidha, kwa kuwa Mara iko karibu na ikweta, jua la adhuhuri hupiga paa kuliko kuta. Basi dari chini ya bati ni jambo la lazima, na pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini ili zisipigwe na jua la asubuhi na la jioni.

Huko Bunda, kama kwingineko nchini, ukuta mnene waweza kugharimu miti mingi, kwani matofali ya kuchoma hula kuni. Matofali ya udongo na saruji yanayofungamana hushindiliwa bila kuchomwa, na bado ni ghala zuri la joto.

Utafiti wa vyuo vikuu

Mwaka 1939 wahandisi wa chuo cha MIT, Marekani, walijenga nyumba iliyohifadhi joto la jua katika tangi kubwa la maji chini ya sakafu. Mwaka 1948 Maria Telkes, mtafiti aliyefanya kazi chuoni humo, alitumia chumvi iyeyukayo kwenye digrii 32 hivi katika nyumba ya Dover, Massachusetts. Kitu kinapoyeyuka hunywa joto jingi bila jotoridi lake kupanda. Hilo huitwa joto fiche. Lakini baada ya majira machache ya baridi chumvi hiyo ilijitenga na maji yake, ikashindwa kazi. Ghala bora, basi, ni lile linalodumu.

Hapa nchini, Agosti 1977, Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi lilishiriki kuandaa warsha mjini Dar es Salaam juu ya nishati ya jua kwa vijiji.

Hesabu ya kuni

Chukuliwe mfano wa shule yenye wanafunzi 200, kila mmoja akihitaji lita 10 za maji ya kuoga yaliyopashwa kwa digrii 20. Maji ni kilo 2,000. Joto ni 2,000 × 4.2 × 20, yaani kilojuli 168,000. Kilo moja ya kuni kavu hutoa kilojuli 16,000 hivi, lakini mafiga matatu huweza kupitisha sehemu moja tu ya kumi. Kila siku zitateketea kilo 105 za kuni.

Mita moja ya mraba ikipata kilojuli 18,000 za jua kwa siku, na nusu yake ikaingia majini, mita za mraba 19 zatosha. Lakini jua huwaka mchana, na wanafunzi huoga alfajiri. Pasipo tangi lililofunikwa vizuri kwa pumba za mpunga au nyasi kavu, joto jingi hupotea usiku.

Jaribio

Yachukuliwe makopo matatu yaliyo sawa. Kimoja kijazwe maji, cha pili mchanga mkavu, cha tatu kokoto. Yaanikwe juani hadi saa tisa alasiri, kisha yahamishiwe kivulini. Jotoridi lipimwe kila baada ya dakika 10, na grafu ichorwe.

Maswali

1. Kopo lipi limepoa polepole zaidi? Eleza kwa kutumia kanuni.
2. Pima unene wa ukuta wa darasa lako, kisha kadiria joto linalohifadhiwa na mita moja ya mraba kwa kila digrii.
3. Shule yako hutumia kilo ngapi za kuni kwa siku? Ni ngapi zingeweza kubaki msituni?