Kutyuni chenso ndogo: nini urekebishe, nini usiguse

Huku Nyanda za Juu Kusini kila mwenye parachichi, mipaina au milingoti sasa anataka chenso yake. Ni jambo jema. Mashine moja ya cc 30 hadi 40 inapogoa, inapunguza miti, inakata nguzo za uzio, na ikiwa nzima unaweza hata kupiga nayo kazi za kulipwa kwa majirani. Shida ni kwamba chenso nyingi ninazozikuta zimelala kwa mafundi hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa bisibisi. Mtu ameambiwa "kaza hapo kidogo, itapata nguvu", akakaza, ikapata nguvu kweli, na wiki haikuisha ikanoki.

Somo la leo ni kuelewa kinachotokea ndani, ili ukishika ile bisibisi ujue unafanya nini.

Petroli ndiyo inayobeba oili

Chenso ni injini ya tu-stroki. Haina oili yake chini kama pikipiki ya foo-stroki. Oili inayolainisha pistoni na beringi inaingia ikiwa imechanganyika na petroli. Petroli hiyo hiyo pia inasaidia kupoza injini. Kwa hiyo ukipunguza petroli kwenye kabureta, umepunguza vitu vitatu kwa mpigo: mafuta, oili na upoozaji. Injini yenye petroli kidogo inazunguka kwa kasi, inalia vizuri, inakupa raha. Halafu pistoni inapata joto, inatanuka, inakwaruza silinda na kushika. Hapo unaongelea pistoni na silinda mpya, na mara nyingi gharama yake inakaribia bei ya mashine.

Kwenye kabureta nyingi utakuta skrubu tatu:

- L ni ya petroli ya mwendo wa chini: kuwaka, sailensi na kuanza kupanda resi.
- H ni ya petroli ya resi kubwa.
- LA (nyingine zimeandikwa T) haigusi petroli. Inainua au kushusha sailensi tu.

L na H ukizikaza kufuata mshale wa saa unapunguza petroli. Ukizilegeza unaongeza. LA ukiikaza, sailensi inapanda. Baadhi ya chenso ndogo hazina H kabisa, tundu lake limefungwa kiwandani kwa kipimo. Hiyo usiitafute. Na mashine zenye mfumo wa kielektroniki, kama M-Tronic ya STIHL au AutoTune ya Husqvarna, hujirekebisha zenyewe.

Njombe si Ifakara

Hili ndilo jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Chenso iliyotyuniwa Dar ukiileta Njombe inakuta hewa imepungua lakini petroli ni ile ile. Itakuwa nzito, itatoa moshi, plagi itaingia weusi na nguvu itashuka. Unapunguza petroli kidogo, inakaa sawa. Hadi hapo hakuna kosa.

Hatari ni safari ya kurudi. Kuna kikundi cha vijana ninaowafahamu, walikuwa na chenso mbili zilizotyuniwa vizuri kabisa huku juu. Wakapata kazi ya kupogoa mitiki bonde la Kilombero, ambako Ifakara ni karibu mita 300 tu. Kule hewa ni nzito, na petroli iliyokuwa inatosha Njombe ikawa haitoshi tena. Kwa kuwa jua la bonde nalo ni kali, mashine ya kwanza ilishika siku ya pili. Ya pili ikaokolewa kwa sababu mmoja wao alisikia imeanza kulia tofauti, akaizima. Kazi ilikuwa ya chenso mbili, wakaimaliza kwa moja, na faida ikaishia kwenye silinda.

Kanuni ni fupi: ukipanda mlima bila kutyuni utapoteza nguvu, ukishuka bila kutyuni utapoteza injini. Kila unaposhuka, legeza H kwanza kabla hujakata hata tawi moja.

Kabla ya kugusa skrubu

Mara nyingi chenso "isiyo na nguvu" haina tatizo la kabureta. Pitia haya kwa mpangilio:

1. Filta ya hewa. Ikijaa vumbi la mbao, injini inakosa hewa. Ukityuni na filta chafu, siku utakayoisafisha petroli itakuwa kidogo kuliko inavyotakiwa.
2. Mchanganyiko. Fuata kitabu cha mashine yako. Kama ni 50 kwa 1, lita moja ya petroli inachukua mililita 20 za oili ya tu-stroki, lita tano mililita 100. Kama ni 25 kwa 1, lita moja mililita 40, lita tano mililita 200. Pima kwa chupa yenye alama, usipime kwa kizibo na macho. Oili ya gari haifai. Na usichanganye ya kukaa zaidi ya mwezi.
3. Plagi. Uwazi wa 0.5 mm unafaa chenso nyingi ndogo. Rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri. Nyeusi na mbichi maana yake petroli au oili imezidi, au filta imeziba. Ikiwa nyeupe, simama hapo hapo: petroli haitoshi, au kuna hewa inaingia kwenye mpira wa kabureta.
4. Wavu wa ekzosi. Kwenye mdomo wa ekzosi kuna kiwavu kidogo cha kuzuia cheche. Kikiziba masizi, mashine inachoka. Kitoe, kisugue kwa brashi ya waya, kirudishe.
5. Mnyororo. Angalia kinachotoka kwenye mti. Ukiona vipande, meno ni makali. Ukiona unga, meno ni butu, na hakuna skrubu itakayokusaidia.

Hatua za kutyuni

Weka chenso chini mahali pa wazi, bapa lisiguse kitu, watu na watoto wawe mbali. Bapa na mnyororo viwe vimefungwa, maana bila mzigo huo utapata kipimo cha uongo. Breki ya mnyororo iwe imeachiwa wakati wa kupiga resi, vinginevyo utaunguza klachi.

Kwanza, andika ulipoanzia. Kaza kila skrubu taratibu ukihesabu mizunguko hadi iguse, usiibane, kisha irudishe. Ukipotea, anzia kipimo cha kitabu. Kwa mashine nyingi ni mzunguko mmoja hivi kutoka ilipogusa.

Pili, washa na uipashe moto dakika tatu hadi tano. Injini baridi haityuniwi.

Tatu, L. Ikaze kidogo kidogo mpaka sailensi ianze kuyumba. Kisha ilegeze mpaka ianze kuzama na kuwa nzito. Iweke katikati, ikielekea kidogo upande wa kulegeza. Vuta akseli ghafla: ipande bila kusita. Ikisita na kutaka kuzima, legeza kidogo tena.

Nne, H. Vuta resi yote kwa sekunde chache tu, sikiliza, achia. Bila mzigo sauti iwe na mkwaruzo, kama inagugumia. Ikilia kali, safi, kama filimbi, petroli haitoshi: legeza. Geuza sehemu moja ya nane ya mzunguko kila mara, si zaidi. Kipimo cha mwisho ni gogo. Tia mnyororo kwenye mti: ule mgugumio upotee na sauti isafike. Ukiinua, urudi. Ikiwa inagugumia hata ikiwa ndani ya mti, hapo petroli imezidi, kaza kidogo.

Tano, LA. Sailensi itulie, na mnyororo usimame kabisa. Mnyororo unaotembea kwenye sailensi ni ajali inayosubiri mguu wako.

Kama una vikomo vya plastiki kwenye skrubu, usivikate. Vimewekwa ili usifike mahali pa kuua injini.

Kumodifai: nini kinalipa?

Vijana huniuliza kuhusu kutoboa ekzosi. Nitasema wazi. Ukitoboa, moshi unatoka kwa wepesi na hewa mpya inaingia zaidi, kwa hiyo petroli lazima iongezwe. Chenso ndogo yenye H iliyofungwa kiwandani haina pa kuongezea. Na mara nyingi anayetoboa anatoa na ule wavu wa cheche. Ndani ya shamba la mipaina mwezi wa kumi, majani makavu yamejaa chini, cheche moja inaweza kula shamba lako na la jirani ambalo huwezi kulilipa. Achana nalo. Waranti nayo inakwenda.

Bapa refu kwenye injini ndogo ni hasara pia. Linakula nguvu na linaongeza uzito mbele. Kwa kupogoa, bapa la sentimita 30 hadi 35 linatosha. Fupi linakata haraka zaidi.

Kinacholipa kweli ni mnyororo. Kwa ule mdogo wa inchi 3/8 wa meno mafupi, tumia tupa ya duara ya 4 mm, pembe ya digrii 30, kila jino idadi sawa ya misuguo. Kile kinundu kilicho mbele ya jino kiwe chini ya jino kwa 0.65 mm. Ukikishusha zaidi, mnyororo unang'ata kwa pupa na msumeno unaruka usoni. Kama mkato unapinda upande mmoja, meno ya upande huo yamebaki marefu kuliko ya pili.

Na tafadhali, oili chafu ya gari usiweke kwenye tangi la mnyororo. Inarukia mti, udongo na nguo zako, na ina mabaki ya chuma yanayokula pampu na bapa. Nunua oili ya mnyororo.

Mwisho, mwili wako

Kofia, miwani, glavu, buti. Usikate juu ya usawa wa bega, usipande ngazi na chenso. Tawi zito lianzie chini kwa mkato mfupi, kisha juu, lisichane gome. Tawi jembamba la parachichi lipe msumeno wa mkono. Na kabla ya kukata miti ya mbao, pita kwa afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TFS uulizie usajili wa chenso na vibali.

Kazi ya wiki hii: chukua kalamu, hesabu mizunguko ya L na H ya mashine yako, andika pamoja na jina la mahali ulipo, bandika ndani ya kifuniko cha filta. Siku ukipata kazi bondeni, utajua pa kuanzia.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.